Gurudumu Kubwa Mbele, Dogo Nyuma

Rafiki yangu Safari tulimzika mwezi uliopita, na mvua haikutuonea huruma hata kidogo. Tuliporudi kwake Kamembe watu wakanawa mikono, wakajipanga kwenye viti vya kukodi chini ya hema, nami nikatafuta mahali karibu na ukuta, pale vijana walipokuwa wameegemeza baiskeli zao. Ni marafiki wa Eriki, mtoto wa pili wa Safari, wale wanaozunguka njia za kando ya ziwa kila Jumapili na kofia zao ngumu. Msiba ni msiba, lakini kijana mwenye baiskeli mpya hawezi kunyamaza.

"Gurudumu ya inchi ishirini na tisa njo kinga," mmoja alikuwa anasema kwa sauti ya chini. Kinga ndilo jina la baiskeli kwetu huku, na njo ni ndiyo; yote mawili yalivuka mto pamoja nasi kutoka upande wa Bukavu. "Zingine zote ni bichezeo bya batoto."

"Ishirini na tisa kwenye mashamba ya kahawa kule Nzahaha? Utageuka kama lori, sha. Ile njia inataka ishirini na saba na nusu."

"Tumuulize Patron. Patron, sema weye."

Patron ni mimi. Darasa la nne sikulimaliza, na duka la baiskeli kubwa kuliko yote mjini ni langu. Nyumba yangu ya ghorofa imejengwa na spoki, moja juu ya moja, na watu wakipita wanaionyeshana kwa kidole. Kwa hiyo sikujibu haraka. Niliwaambia kwamba gurudumu haliulizwi ukubwa wake kwanza. Linaulizwa linakwenda wapi na nani amekaa juu. Njia ndefu ya ziwani, yenye mawe na mashimo, mpe mtu ishirini na tisa, litapita juu ya jiwe bila kuomba ruhusa. Kona za kahawa na migomba, ishirini na saba na nusu, linajikunja. Anayeruka mitaro, mwenye miguu mifupi, au mwenye mzigo mgongoni mwa kinga, huyo mpe ishirini na sita na aondoke kwa amani. Tena nikawaongezea, maana wanapenda kudharau vya zamani, kwamba chuma cha gurudumu la ishirini na nane, lile la baiskeli nyeusi za wazee, ukikipima ni kikubwa kuliko chuma cha hiyo ishirini na tisa yao. Kinachojaza ni mpira tu, kama mtu aliyevaa makoti mawili.

"Lakini Papa Dede," Eriki akasema, macho bado mekundu, "ishirini na sita hawatengenezi tena. Ilikwisha kufa."

Nilimtazama yule mtoto, na uso wake ni wa mama yake mtupu. Nikamwambia, "Weye, bila ishirini na sita usingezaliwa." Wenzake wakacheka, kisha wakakumbuka msiba, wakaziba midomo. Chakula kikaja, sikuweza kueleza. Ndiyo maana naandika.

Habari za baba na babu, na jinsi tulivyotoka ng'ambo, sitaziandika. Kila mtu hapa alitoka ng'ambo na ana hadithi yake, na zote zinafanana. Nitasema mwaka mmoja tu, ule ambao vita vya pili vilianza upande wa pili wa mto. Mimi na Safari tulikuwa vijana wa kuota ndevu, tunakaa chumba kimoja nyuma ya karakana ya Papa Yusufu, fundi wa baiskeli katika mtaa wa Waislamu hapa Kamembe. Chumba kilikuwa cha udongo, dirisha moja la ubao, na kwa kuwa karakana ilikuwa ndogo, magurudumu yasiyo na kazi yalitundikwa kwenye boriti juu ya mkeka wetu. Upepo ukiingia yalizunguka polepole, kila moja kwa mwendo wake, na tukilala chali tulikuwa tunapiga dau lipi litasimama la mwisho. Mabomu yakilia kule Bukavu yalitetemeka yote pamoja. Tulizoea. Harufu ya gundi ya kubandika viraka ilikuwa imeingia hata kwenye nguo za Jumapili, na mke wa Papa Yusufu, Mama Zaituni, alisema tukifika kanisani padri atafikiri tumeleta kiraka cha kubariki.

Kazi yetu ilikuwa mizigo. Tulishuka mpaka tambarare ya Bugarama kuchukua mchele, tukapandisha kupitia Nyakabuye mpaka hapa. Siku hizi vijana wanasema "kupanda baiskeli" wakimaanisha kukaa na kukanyaga. Sisi kinga yetu ilikuwa punda. Magunia yalikaa katikati ya fremu na juu ya karia, na wewe ulitembea kando, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye fimbo iliyofungwa nyuma ya kiti, unasukuma kuanzia asubuhi. Ulikaa juu yake wakati wa kushuka tu. Katika kazi hiyo Safari alikuwa mfalme, nami nilikuwa wa pili, na mtu akibisha basi hakuwepo. Safari alipita mlima akiimba. Alikuwa mrefu, mwenye meno ya kucheka, na wasichana wa Giheke walijua siku za soko kwa sababu yake. Mmoja wao, Vestine, alikuwa amekwisha kumchagua. Mjomba aliyemlea msichana huyo, Mzee Gaspard, alikubali wazungumze posa baada ya mavuno. Yote yalikuwa yamenyooka.

Kisha siku moja, akirudi na mchele, Safari alipisha lori la askari, akasogeza kinga majanini kando ya njia, akakanyaga kitu kilichofukiwa. Mguu wa kushoto ukaishia juu ya goti. Sitaeleza zaidi. Nitasema tu kwamba yule mtu aliyekuwa akiimba mlimani alirudi chumbani kwetu na magongo mawili ya mti, akalala chali chini ya magurudumu, na hakutaka tena kupiga dau.

Ujumbe wa Giheke ulikuja ukiwa mpole, na huo ndio uliouma. Shangazi yake Vestine alifika na kikapu cha viazi, akakaa, akanywa chai yote, akasifu chai. Halafu akasema Mzee Gaspard hana ubaya. Alitoa neno lake kwa mwanamume anayepandisha milima, na mpwa wake hataolewa kuwa muuguzi. "Amesema hivi: kama kijana ataweza kufika kwangu na nguvu zake mwenyewe, nitamsikiliza. Kama hawezi, tusiumizane."

"Na magongo?" nikauliza.

"Kwa magongo anaweza kufika hata muombaji, mwanangu. Si mimi niko nasema. Ni mzee."

Safari alikuwa amelala uso ukutani. Tulifikiri amesinzia. Akasema bila kugeuka, "Mwambie nitakuja na kinga." Shangazi akanitazama mimi, nami nikatazama chai. Mtu wa mguu mmoja, milima ya Giheke, na kinga.

Hapo ndipo ubishi wa magurudumu ulipoanza, na hakuna mtu Kamembe ambaye hakuingia. Papa Yusufu alikuwa na upande wake. Alikuwa mzee mfupi wa kofia nyeupe, mpole kwa watu na mkali kwa vyuma, na kwake gurudumu lilikuwa moja tu: ishirini na nane. "Gurudumu kubwa linatembea lenyewe," alisema akilizungusha kwa kidole. "Ukilisukuma mara moja linakumbuka. Dogo linasahau." Kila mbeba mizigo aliyekuja kunywa chai aliunga mkono, kwa sababu sote tulilelewa na ishirini na nane. Mimi peke yangu nilisema ishirini na sita. Nilikuwa nimepata baiskeli ya milimani iliyoachwa na wazungu wa misaada, ya kwanza kuonekana mtaani kwetu, ya mipira minene yenye meno, fupi kama mbuzi. Nilisema mtu wa mguu mmoja lazima akae chini, mguu wake ufike ardhini akisimama, la sivyo ataanguka kila kona. Nilikuwa na akili tangu zamani, hilo halikuanza na duka.

Tulijaribu yangu kwanza. Safari alifungwa mguu wa kulia kwenye pedali kwa mpira wa tairi la ndani lililokatwa, ili mguu huo huo ukanyage kwenda chini na kuvuta kurudi juu, na bado uweze kuchomoka akitaka kusimama. Alitoka karakanani vizuri sana, watu wakapiga makofi. Mbele ya msikiti kuna mfereji wa maji ya mvua unaokata njia. Baiskeli za ishirini na nane zilipita hapo kila siku bila kujua kama upo. Gurudumu langu dogo lilizama ndani yake kama kijiko kwenye uji, likasimama, na Safari akaenda mbele bila baiskeli. Alipasuka kidevu. Papa Yusufu hakucheka, lakini alikwenda kumnyanyua polepole sana.

Wiki iliyofuata ikawa zamu ya ishirini na nane. Alipandia ukutani, tukamwachia, na kwenye tambarare alipepea, ninakubali. Mlima wa kwanza, ule mdogo wa kwenda sokoni, ukamnyonga. Kila mara mguu wake ulipofika chini, baiskeli ilisimama kungoja mguu mwingine ambao haupo. Alipojaribu kuusimamisha mguu wa kulia ardhini, ardhi ilikuwa mbali. Akaanguka upande wa kushoto, ule usio na kitu cha kujizuia. Alirudia. Akaanguka. Akarudia. Watoto waliokuwa wakifuata kwa kelele walianza kunyamaza mmoja mmoja, na hapo nilijua mambo ni mabaya.

Asubuhi moja, Papa Yusufu akiwa ametoka kuswali alfajiri, nilimsikia akizungumza na mkewe jikoni, upande wa pili wa ukuta wetu. Mama Zaituni alikuwa anakaanga sambaza, wale dagaa wa ziwani, nilisikia mafuta.

"Unamdanganya huyu mutoto," alisema. "Kila siku anarudi na damu. Mwambie akae, ajifunze kusuka spoki za magurudumu, utampa kazi. Bibi wa kuoa atapata mwingine."

"Nilimwambia."

"Akasema nini?"

"Akasema kusuka atasuka. Lakini akasema, Papa, nikikaa sasa sitasimama tena." Mafuta yakalia kidogo. "Mimi sijui kumjibu, Mama Zaituni. Weye unajua?"

Mama Zaituni akaepua kikaango. Baada ya kitambo akaja mlangoni kwetu na sahani ya sambaza na ugali wa muhogo, nyingi kuliko siku zote, akaiweka karibu na Safari. "Kula," akasema kwa ukali. "Kuanguka na njaa ni upumbavu." Nikageuka kumtazama Safari, na macho yake yalikuwa wazi. Alikuwa amesikia kila neno.

Alikula samaki wawili watatu, akajilaza, akatazama juu. Upepo ulikuwa umeanza kuzungusha magurudumu. Mara akaanza kucheka. Niliogopa, nikafikiri kichwa kimeondoka.

"Dede, weye umeshapandisha ule mlima wa Nyakabuye mara ngapi?"

"Nani anahesabu? Mimi na weye tumeumaliza."

"Umekaa juu ya kiti?"

"Juu ya kiti! Na magunia je?"

"Na siku huna magunia?"

Nikafikiri. Siku sina magunia nilikuwa pia natembea kando, kwa mazoea. Mlima ukianza, wewe unashuka kitini, kama vile mtu anavyovua kofia mlangoni.

"Njo ile," Safari akasema. "Na Papa Yusufu vilevile. Na bale bote banakuja kunywa chai. Munajua kusukuma, nyinyi. Hakuna hata mumoja anajua kupanda. Munanipa gurudumu ya muntu anatembea kwa miguu miwili."

Nilikaa pale na kipande cha ugali mkononi. Mji mzima wa wataalamu, mimi nikiwa wa kwanza, na hakuna aliyewahi kupanda mlima akiwa amekaa! Tulipenda gurudumu kubwa kwa sababu ukiwa umesimama ardhini unalisukuma kwa wepesi. Aliyekaa juu na kulizungusha kwa mnyororo anaonja kitu kingine: gurudumu kubwa la nyuma ni mlima juu ya mlima. Dogo linazunguka kwa nguvu kidogo, haliendi mbali, lakini linakubali. Na la mbele halina mnyororo. La mbele kazi yake ni kupita mfereji tu.

Tulimwita Papa Yusufu. Alisikiliza akiwa amechutama, kofia nyuma ya kichwa, kisha akanyanyuka akashusha ishirini na nane moja kutoka kwenye boriti, nami nikaenda kung'oa gurudumu la nyuma la mbuzi wangu. Tuliweka kubwa mbele, dogo nyuma, kwenye fremu ya zamani ya Safari. Kiti kikashuka, mguu ukafika chini. Breki ya nyuma ikawa haifiki kwenye chuma, kwa hiyo tukafunga soli ya kandambili kwa kamba, ya kuvuta ili isugue tairi wakati wa kushuka. Ilikuwa kinga mbaya kuliko zote nilizowahi kuona, imeinua pua kama mtu mwenye majivuno. Leo kuna viwanda vya ng'ambo vinauza baiskeli za milimani za namna hiyo hiyo, kubwa mbele, dogo nyuma, na vijana wangu wananionyesha kwenye simu kana kwamba ni muujiza. Ninawaambia sisi tulifanya kwa kandambili. Mimi nilikuwa sahihi nusu na Papa Yusufu nusu, na nusu yangu ndiyo ya nyuma, ile inayofanya kazi.

Safari alifanya mazoezi mpaka mavuno yakaisha. Mguu wake wa kulia ulikua kama wa ng'ombe. Jumamosi ya kwenda Giheke, Papa Yusufu alitangulia akiwa na kanzu iliyopigwa pasi, yeye ndiye angekuwa msemaji wetu, pamoja na watu wachache na kreti za vinywaji na mtungi wa pombe ya ndizi, ambao hakuugusa wala kuutazama. Mimi nilitembea nyuma ya Safari. Alikuwa ameniapisha: hata akifa, nisimguse. Nikafunga mikono mgongoni kama mfungwa.

Alipita milima yote. Nasema yote. Watu waliacha majembe. Mwanamke mmoja alipiga kelele, "Yebabawe, angalieni mambo!" na Safari akaweza hata kumpungia mkono. Lakini mvua ya asubuhi ilikuwa imelainisha kile kipande cha mwisho, njia nyembamba ya udongo mwekundu inayopanda mpaka ua wa Mzee Gaspard, na pale juu wageni na wenyeji walikuwa wamesimama mstari, wanatazama. Katikati ya kipande kile, kinga ikaanza kusitasita. Mguu ulikwenda chini, ukakawia kurudi. Shati lilimganda mgongoni. Niliona usukani ukitetemeka, nikauma midomo.

Sisi wa mizigo tuna desturi. Ukimkuta mwenzako amekwama mlimani, unaweka mikono juu ya gunia lake na kusukuma, bila kumsalimu, bila kusema wewe ni nani. Maneno yanakula pumzi. Mtasalimiana juu. Kwa hiyo Safari alipohisi kinga imekuwa nyepesi ghafla, hakugeuka. Mwenye kupanda hawezi kugeuka. Alinitukana tu.

"Dede! Toa mikono! Umbwa weye, niliapisha nani? Unanimaliza mbele ya bakwe!"

"Si mimi!" nikasema, na nilikuwa kweli pembeni yake, mikono mgongoni.

"Kama si weye ni nani, malaika?"

Sauti ikatoka nyuma ya karia, imekatika kwa kuhema: "Ni muntu anataka kuolewa. Kanyaga!"

Vestine alipaswa kuwa amefichwa chumba cha ndani, amekaa na wanawake, mpaka aitwe. Sijui alitokea wapi, labda mlango wa jikoni, labda juu ya ua. Alikuwa miguu mitupu, nguo ya mama yake, ile nzuri ya sherehe, imekwisha kuwa nyekundu kwa matope mpaka magotini. Safari alifungua mdomo, nafikiri ili amkataze. Kisha akaufunga, akakanyaga. Akaimba hata, au alilia, sikuweza kutofautisha, na hivyo wakaingia uani wote wawili, yeye juu na yule nyuma, na mimi nikikimbia kando na mikono yangu isiyo na kazi.

Shangazi wa viazi ndiye wa kwanza kupata sauti. "Amesukumwa! Mzee, umeona na macho yako! Ulisema nguvu zake mwenyewe. Haihesabiki!"

Mzee Gaspard alikuja polepole. Alikuwa mwanamume mkavu, mwenye kofia ya kitambaa na fimbo. Aliizunguka ile kinga, akabonyeza mpira mkubwa kwa kidole gumba, akabonyeza mdogo, akatazama kandambili iliyofungwa kamba. Safari alikuwa bado amekaa, mguu mmoja chini, kifua kinapanda na kushuka.

"Nani amemsukuma?" mzee akauliza.

"Vestine!"

"Mwingine?"

Shangazi akanitazama kwa matumaini. Nikamwonyesha viganja vyangu, safi.

"Basi," akasema Mzee Gaspard. "Nilisema nguvu zake. Huyu mutoto ameshuka mpaka kwenye matope na nguo ya dada yangu marehemu ju ya kumpenda huyu kijana. Mimi niseme tena hizo nguvu ni za nani?"

Papa Yusufu, mtu wa adabu, akaona ni wakati wake. Akajikohoza, akanyoosha kanzu, akasema kwa heshima zote kwamba wametoka mbali, na kwamba wamesikia katika nyumba hii kuna binti anaitwa Vestine. Na Mzee Gaspard akavuta kofia yake vizuri, kwa maana mwenye nyumba lazima akane kwanza, abishe, afiche, ndiyo heshima ya binti, na watu walisema alikuwa ametayarisha maneno ya nusu siku.

"Wageni, karibuni sana," akaanza kwa sauti kubwa. "Lakini binti wa jina hilo sisi hapa hatumjui. Hajawahi kuonekana. Hata tukimtafuta..."

Vestine alikuwa amesimama mbele yake kabisa, ameshika karia kwa mkono mmoja, na kwa kijiti anakwangua matope katikati ya vidole vya miguu. Akainua macho kumsikiliza. Mzee akamtazama, akajaribu tena, "Hata tukimtafuta...", na hakuweza kufika mwisho. Kicheko kilimkamata mpaka fimbo ikaanguka.